Disketi za Hooyo Maka

Weris alikuwa ameapa kwamba hatasema tena na kaka yake Salah, na kiapo hicho alikishika miezi minane. Leo alikuwa anakwenda kukivunja, tena si faraghani, bali kwenye taar ya Billow, ile redio ya upepo ambayo ukikohoa Garissa, mtu wa Buna anakuambia pole. Mungu amsamehe, basi. Shida haina adabu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mazishi. Baba yao, mzee Alio, alifariki asubuhi moja ya Ramadhani akazikwa kabla ya alasiri, kama dini inavyotaka. Salah alifika kutoka Nairobi siku ya tatu, vumbi kichwa kizima, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Hamkuweza kunisubiri?" Wamsubiri! Maiti ingoje basi? Weris alimjibu mbele ya wageni wote kwamba mgonjwa alimwita mara nne na hakuonekana, sasa analilia kaburi. Tangu hapo kila mmoja akashika njia yake. Salah alikaa na mama yao, hooyo Maka, siku mbili, akanong'ona naye, akaondoka.

Na sasa kompyuta ilikuwa imekufa.

Ndani yake kulikuwa na kitabu cha baba. Kwa miaka miwili mzee Alio alikaa kwenye kigoda akitaja magonjwa ya ngamia na dawa zake, mti gani kwa upele, magome gani kwa kikohozi, na Weris akipiga chapa neno kwa neno. Kurasa mia na arobaini. Mchapishaji wa Nairobi alikuwa amengoja hadi akachoka, akasema disketi isipofika na basi la Jumamosi, wasisumbuane tena. Leo ilikuwa Alhamisi. Kompyuta yenyewe aliileta Salah, Salah ndiye fundi wa hizo mashine huko mjini, na Garissa nzima hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Ndiyo maana Weris aliipakia kwenye mkokoteni hadi kwa Billow, kwenye jenereta, akaiweka mezani karibu na redio.

"Nairobi, Nairobi, Garissa hapa," Billow aliita. "Dada yako huyu. Ovaa." Kwenye taar, asemaye humaliza kwa "ovaa" ili mwenzake ajibu.

"Imefanya nini?" sauti ya Salah ilitoka ikikwaruza. "Ovaa."

Hata salamu! Mtu anasalimia mbuzi wa jirani, asimsalimie dada yake?

"Waalaikum salaam na wewe pia," Weris alisema. "Kioo ni cheusi, na ndani kuna kitu kinasaga kama meno. Ovaa."

"Umeiangusha. Ovaa."

"Sikuiangusha! Ovaa!"

"Basi umeizima vibaya. Nilikufundisha, lakini wewe masikio yako ni ya kuvalia herini tu. Zima. Hesabu hadi thelathini. Washa. Ovaa."

Alizima, akahesabu, akawasha. Meno yakasaga. Akazima tena. Mara tatu walifanya hivyo, na kila mara Salah aliongeza tusi dogo, na Billow alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Ghafla sauti nyingine ikaingia. "Abaayo, dada yangu, ni Abshir wa Modogashe. Hicho ndicho kitabu cha mzee Alio? Alinitibia ngamia miaka kumi na kunifundisha dawa, Mungu amrehemu. Ovaa."

"Toka hewani, wewe!" Salah alifoka. "Weris, hiyo mashine imekwisha. Sikiliza. Nakala ziko wapi? Au hukutoa? Ovaa."

"Nilitoa. Disketi tatu, kila moja kitabu kizima. Kilipokwisha tu nikampa hooyo azifungie sandukuni mwake. Ovaa."

"Alhamdulillahi! Kumbe unalia nini? Peleka disketi kwenye ofisi yoyote yenye kompyuta. Ovaa."

Weris alikaza kidole kwenye kitufe cha redio hadi kikauma. Jana alikuwa amezunguka nazo ofisi mbili.

"Hazisomeki, Salah. Zote tatu. Kile kibati kinachoteleza kimekwama, plastiki imejikunja. Ovaa."

Kisha Salah akafunguka, na alipofunguka hakujali nani anasikia. Alisema uzembe ni ugonjwa usio na dawa katika kitabu chochote. Alisema ameziacha juani, amewapa watoto wachezee, amezikalia. Alisema, "Baba alikufa mara moja kwa amri ya Mungu. Mara ya pili umemuua wewe. Mlininyima kuzika mwili wake, na sasa hata maneno yake umeyatupa. Ovaa."

Machozi yalimtoka Weris mbele ya Billow, mwanamume wa watu, na hakuwa na nguvu hata ya kuvuta shungi. Kwa sababu alikuwa ameanza kuamini. Labda ni yeye kweli.

"Nani amesema ziliachwa juani?"

Mama yao, hooyo Maka, alikuwa amesimama mlangoni akihema. Alikuwa amefuata mkokoteni kwa miguu yake ya polepole, na redio ile husikika mpaka barabarani.

"Hakuna mtoto aliyezigusa," alisema, akaisogelea redio kama anayemsogelea mtu. "Salah, unanisikia? Nimezitunza mwenyewe. Kila Alhamisi nazifukiza."

Billow aliinua kichwa. Weris alimgeukia. "Unazifukiza, hooyo?"

"Kwa moshi wa kuni zangu nzuri, kama dhiil zangu, vyombo vya maziwa. Natia kaa la moto ndani ya dhiil tupu, nazitumbukiza humo, nafunika mpaka moshi ushike." Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, hajui kosa liko wapi. "Salah mwenyewe ndiye aliyeniambia! Siku za matanga. Alisema, 'Hooyo, kazi ya baba imo humu. Zitunze vilevile unavyotunza dhiil zako.' Sasa dhiil isipofukizwa, maziwa si yataoza? Ningeacha maneno ya mume wangu yaoze?"

Kidole cha Weris kilikuwa bado kimekibana kitufe, tangu alipotaka kujibu. Nairobi ilikuwa imesikia kila neno. Modogashe pia, na Buna, na Mungu juu yao wote.

"Ovaa," alisema, akaachia.

Redio ilikwaruza. Billow alisogeza mdomo kutaka kuita Nairobi, Weris akamzuia kwa mkono. Amngoje Salah. Yeye si ndiye bingwa wa kulaumu watu wasiongoja?

Mwishowe Salah alisema, taratibu, "Nilisema hivyo. Ni kweli, nilisema." Akasahau hata kusema ovaa.

Mama aliuliza kama amekosea. Weris alimwambia hapana, hooyo, keti. Kisha akavuta redio karibu.

"Salah, una kalamu? Ovaa."

"Ninayo. Kwa nini? Ovaa."

"Abshir wa Modogashe, bado upo? Baba alikufundisha dawa ya upele. Iseme alivyokuambia, neno kwa neno. Akimaliza, kila aliyetibiwa ngamia wake aseme lake, na palipopungua nitajaza mimi ninachokumbuka. Ndugu yangu anaandika. Ovaa."

"Weris, hayo ni maneno ya miaka miwili! Jumamosi haiwezekani. Na hapa kazini wananingoja. Ovaa."

"Najua Jumamosi imetuponyoka. Maiti haikuweza kukungoja, Salah. Kitabu hiki kitakungoja. Andika. Ovaa."

Abshir alisafisha koo lake kule Modogashe. "Bismillahi," alisema. "Upele wa ngamia huanza shingoni."

"Polepole," sauti ya Salah ilisema. "Rudia. Huanzia wapi? Ovaa."