Ziwa la Cransmere

Kijiji chetu kinaitwa Cransmere, maana yake ziwa la ndege korongo, kwa Kiingereza cha mababu wa mababu zetu. Korongo hakuna. Ziwa nalo usiseme: kuna konde la ngano, kavu, lililokaushwa kwa mifereji kabla babu yangu hajazaliwa.

"Jina halisemi uongo, Hester," mume wangu Alwyn alikuwa akiniambia.

"Jina halinyweki," namjibu. "Kunywa chai yako."

Lakini kila Mei tunazunguka mipaka ya parokia, padri mbele, kila mtu na fimbo yake, tukichapa ardhi penye kila alama ili mipaka isisahaulike. Tukifika kwenye konde lile hatulikatizi. Tunapinda, tunapita pembezoni, kama watu wanaoogopa kulowa. Kwa nini? Ndivyo tulivyofunzwa. Alwyn alikuwa akinyata pale, akitazama ngano inavyoyumba, nami namvuta shati: "Mzee, usije ukazama!" Watu wanacheka.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari akasema hayana dawa. Alwyn akataka jambo moja tu: kuliona ziwa kabla giza halijamfunika. Niliumia, jamani. Mtu anataka kuona kitu kisichokuwepo, utamsaidiaje?

Majira ya baridi yale pampu inayovuta maji kutoka kondeni ikaharibika. Alwyn akaenda kwa Roland, mwenye shamba, akipapasa ukuta njia nzima. "Iache hivyo mpaka Mei tu, mwanangu." Roland akakuna kichwa, akaitazama ngano yake, akakubali. Mvua ikanyesha, ikanyesha. Konde likaanza kung'aa. Lakini macho hayakungoja. Aprili ilipofika hakuona hata mkono wangu.

Mei tukatembea, nimemshika. Ukungu ulikuwa mzito, sauti za watu zikielea ndani yake. Tulipofika kwenye konde wote tukasimama. Maji yalikuwa yametandaa mpaka kwenye njia yetu, yamepinda palepale tunapopinda sisi, hayakuvuka hata unyayo.

"Lipo, Alwyn," nikasema. "Lote. Limefika miguuni petu."

"Unanihurumia."

"Mimi? Lini nimewahi kukuhurumia?"

Akainua fimbo, akachapa chini kama miaka yote. Maji yakaturukia usoni. Alwyn akasimama, anachuruzika, anacheka, analia. Akanivuta shati.

"Hester," akasema, "usije ukazama."