Jino la Juu

Kijiko kiligonga kitu kigumu, ti! Bi Yunis akaganda na bakuli la uji mkononi. Alikuwa akimlisha mjukuu wake Rafaeli kibarazani, na mlio ule mdogo ulimkata maini. Akatia kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa ufizi wa chini. Laini, mtupu. Akapandisha kidole juu. Loo! Jino lilikuwa pale, dogo, kali, limesimama peke yake.

Huko milimani walikotoka, kabla ya kuhamishiwa katika kijiji hiki cha ujamaa cha Rudewa, mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, nao walisema huvuta vifo nyumbani. Misheni ilikwisha kukemea mauaji ya vigego, hakuna aliyethubutu tena kumdhuru. Lakini kigego hakukaa kwao. Alipelekwa mbali, kwa watu wasio ndugu zake, na jina lake halikutajwa tena. Mwenye kutangaza jino limeota wapi alikuwa mtu mmoja tu, mama mzaa baba. Akishasema, imekwisha.

Costancia, mkaza mwanawe, alitoka jikoni akipangusa mikono. Alimtazama usoni, akaelewa.

"Nililiona juzi, mama," alisema. "Nilikuwa naomba la chini litoke upesi."

"Ukanificha mimi?"

"Ningefanyaje? Mume wangu yuko kazini relini Kimamba, na wewe ndiye wa kuogopwa."

Maneno hayo yalimchoma Yunis. Maisha yake yote hakuwahi kujiona mtu wa kuogopwa.

Jioni alikwenda kwenye masomo ya watu wazima, katika ghala la zamani la katani. Siku hiyo somo lilikuwa la afya. Mwalimu Anselmi alikuwa amechora ubaoni kinywa kikubwa kilichoachama, hata wanawake wa mbele wakawa wanachekeana. Akaonyesha meno ya mbele ya kukatia, chonge za kuraruia, magego ya kusagia, kisha kaakaa na fizi.

"Mnachokiona ni nusu tu," alisema. "Mizizi imejificha ndani ya mfupa wa taya. Hata mtoto mchanga huzaliwa meno yake ya utoto yamekwisha kulala humo, yakingoja kupenya."

Yunis akanyoosha mkono. "Juu na chini, mwalimu? Kwa kila mtoto?"

"Kila mtoto, mama. Mara nyingi ya chini hutangulia. Mengine hayajui foleni!"

Watu wakaangua kicheko. Yunis hakucheka. Alimfikiria mdogo wake Samweli, ambaye hakuwa amemtaja tangu utotoni. Kumbe hata yeye Yunis alizaliwa na jino la juu ndani ya ufizi, na Costancia, na huyo mwalimu, na wote waliokuwa wakicheka mle ghalani. Hofu haikumtoka, jamani, hofu ya tangu utoto haifutwi kwa chaki. Lakini hasira nayo ilikuwa imeingia, ikakaa kando yake.

Jumapili baada ya ibada, Makarius, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, akafika, akaketi kibarazani.

"Shikamoo, shemeji," Yunis alimwamkia.

"Marahaba. Nasikia mtoto ameota. Wapi?"

Costancia alimkumbatia Rafaeli kwa nguvu hata mtoto akalalama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Yunis, mwepesi, wa neno moja tu. Lakini alijua ungemwacha Costancia akimziba mtoto mdomo kila anapotaka kucheka.

"Juu," alisema.

Makarius akashusha pumzi. "Basi unajua la kufanya. Kule Mvumi kuna watu watampokea."

"Mdogo wangu Samweli naye aliota juu," Yunis alisema. "Wakampeleka. Mwaka uleule tulimzika baba, kisha dada, na Samweli hayupo. Mama aliendelea kumpakulia ugali wake kila jioni mpaka anakufa, na mimi ndiye niliyeambiwa niumalize. Sitaula tena ugali ule, shemeji."

"Na mtu akifa humu ndani?"

"Tutamzika. Rafaeli atakuwa pamoja nasi."

Yunis akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akamketisha juu ya magoti ya mzee yule. Makarius akarudisha mikono nyuma upesi, akaiacha hewani pande zote mbili, asimguse. Rafaeli akainua uso, akamwangalia ndevu zake, akacheka kwa kinywa chote.

Costancia akapiga hatua. Yunis akamshika kanga.

"Mwache," alinong'ona.

Mtoto akageuka kumtafuta mama yake, akayumba. Mkono wa Makarius ukashuka, ukamshika mgongoni asianguke.