Bati la Amandine

Jumanne asubuhi Kalisti alitandaza mataulo makuukuu juu ya zulia la sebuleni, akaweka ndoo ya kudekia karibu na televisheni, beseni la kufulia karibu na mlango wa jikoni, na sufuria ya ugali katikati. Kisha akabandika maji ya chai. Nje, Fort Worth ilikuwa kavu na jua lilishaanza kuchoma paa za magari. Lakini nyumbani, kule kilimani alikotoka, ilikuwa alasiri ya mwezi wa nne na wingu lilikwisha kufunga. Chai haijachemka, mvua ya kule ikaanza kudondoka kutoka darini.

Mara ya kwanza ilipotokea hivyo, Nyaboke, muuguzi Mkenya aliyekaa ghorofa ya juu, alishuka na sare yake ya hospitali bado mwilini.

"Mzee, hayo maji si yangu," alisema. "Nimecheki bafu, nimecheki jikoni. Kwangu ni kukavu kama biskuti."

"Najua, mama. Ni mvua ya kwetu."

"Ya nyumbani?"

"Ya nyumbani."

"Sawa basi. Nilidhani ni bomba."

Akapanda, akarudi na beseni lake moja, akamwachia.

Mabati yenyewe yalikuwa ya Amandine, marehemu mke wa Kalisti. Aliyanunua kwa fedha za pombe ya ndizi, moja moja, mpaka nyumba yao ikawa ya kwanza kilimani kuachana na nyasi. Wanajeshi waliposhika nchi walikuja na lori, wakayang'oa yote, wakaenda kuezekea jengo jipya la kambi yao. Bati likihamishwa, matundu ya misumari ya zamani hubaki wazi, na askari hawakujisumbua kuyaziba kwa lami. Amandine walimchukua pia, kwa sababu alisimama mlangoni akawauliza mkubwa wao anaitwa nani. Kalisti alikuwa shambani na mtoto. Alivuka mpaka usiku huo, Josiane mgongoni.

Kule kambini Tanzania, hema lao la plastiki likaanza kuvuja siku za ukavu, na chini ya kishindo cha mvua juu ya bati Kalisti alimsikia Amandine akikohoa. Walikuwa wamemfungia chini ya bati lake mwenyewe. Msimu baada ya msimu alimsikia akikohoa, akiulizwa, akinyamaza. Halafu ikaja mvua isiyo na kikohozi, na Kalisti akanyoa nywele.

Mvua hiyo haikujali anwani. Ilimfuata yeye, popote alipokuwa chini ya paa. Kwenye ghala la Mansfield alikofanya kazi, msimamizi alimtoa upande wa maboksi akampeleka upande wa makopo, akampa na koti la mvua. Kalisti aliona ni dharau. Aliona dharau kwa kila mwenye funguo: msimamizi, meneja wa nyumba, kamati ya parokia, na kuliko wote, wale walioshika nchi yake, waliopita na waliopo. "Hao wanabadilisha shati tu," alikuwa akisema. "Tumbo ni lile lile."

Mwaka uliopita walibadilisha shati kweli. Wanajeshi walitangaza kwamba wameachia nchi. Walivua kombati wakavaa suti. Kambi ilipakwa rangi ya samawati ikaitwa Kituo cha Haki na Maridhiano, ila paa hawakuligusa. Wageni walikuja kuwafundisha maofisa haki za binadamu, na Kalisti alisikia mafunzo yote, maana ulikuwa msimu wa mvua. Kwa sehemu kubwa yalikuwa mafunzo mazuri. Tangu hapo maofisa waliacha kumwita mtu mbwa. Walimwita ndugu. "Ndugu, tafadhali, jina lako?" Kisha ubao wa kupigia ulifuata. Ulikuwa ule ule. Kalisti aliujua mlio wake.

Watu wa kwao waliokuwa Texas wakazoea kuja kwake asubuhi za mvua. Walikaa kwenye makochi yaliyofunikwa nailoni, wakanywa chai na kusubiri majina. Aliyesikia jina la mtu wake alijua angalau kwamba bado anaweza kujibu. Jumapili, wakati wa maombi ya waumini, Kalisti aliyataja majina hayo kanisani. Shule hakuisoma sana, lakini kusahau hakujua.

Kati ya sauti za chini ya bati, moja haikupanda wala kushuka. Kalisti aliijua tangu siku za Amandine. "Polepole," ilikuwa ikisema. "Tuna siku nzima." Wageni wa sebuleni walimpa mtu huyo jina la Siku Nzima, na ubao ulipoanza kabla ya sauti hiyo, walisema leo Siku Nzima kachelewa kazini.

Josiane, aliyefanya kazi hotelini Plano, hakucheka nao.

"Baba, meneja amesema carpet imeoza. Mwisho wa mwezi kukiwa bado kunavuja, tunatoka. Unanisikia? Tunatoka."

"Huyo naye anajiona mkubwa."

"Mimi ndiye niliye-sign lease, baba. Hili si la yeye na wewe."

Basi Jumanne ile simu ilipoita, Josiane ndiye aliyefurahi. Mwanamke mwenye sauti ya upole alisema Tume ya serikali ya nchi yao inakuja Houston kuonana na wakimbizi, na itaanza kurudisha mali za watu. Wa kwanza ni mzee Kalisti. Mabati yake yote yatang'olewa na kusafirishwa mpaka Texas, na Kituo kitaezekwa upya kwa vigae, kwa msaada wa wafadhili. Kilichotakiwa ni picha moja tu: mwenye mali akipokea bati kwa mkono wake na kumshukuru mjumbe. Wafadhili wasipoona picha, hawatoi msaada. Akishapokea, suala lake litakuwa limefungwa.

Bati moja la mfano lilikuwa limeshang'olewa. Kalisti alijua hata kabla ya simu. Tangu wiki iliyotangulia beseni la mlango wa jikoni lilibaki kavu, na upande ule wa sebule sauti zilikuwa hazisikiki.

Jumamosi waliondoka alfajiri, Josiane akiendesha, wakashika barabara ya Houston.

"Utashika bati, watapiga picha, tutarudi," alisema Josiane. "Na nyumba itakauka."

"Na walio chini yake?"

"Si sisi tuliowafunga, baba."

"Hata mama yako si sisi tuliomfunga."

Walipopita Huntsville, Josiane aliuliza tu kama baba yake anataka kahawa.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, mtaa wa Alief, nyuma ya duka la unga na samaki wakavu. Watu walijaa, na kwa kuwa kulikuwa na Wakongo na Wakenya waliooa au kuolewa na watu wa kwao, mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili. Kwenye meza ya mbele lililala bati la Amandine, limefungwa utepe mweupe, matundu yake yakionekana vizuri. Nyuma yake alikaa mjumbe wa Tume, Mheshimiwa Macaire, mtu mfupi mwenye miwani na suti ya kijivu. Kalisti aliketishwa mbele karibu na mpiga picha.

Macaire alisimama. Watu walikuwa bado wanagombania viti, watoto wanalia, spika inapiga miluzi. Akainua mkono.

"Polepole, ndugu zangu," alisema. "Tuna siku nzima."

Viti vikaacha kuburutwa.

"Siku Nzima mwenyewe," alisema mtu nyuma.

"Kumbe kafupi hivi," alijibu mwenzake.

Macaire alidhani wanamsifia, akatabasamu, akaanza kueleza mageuzi. Alieleza kwamba jeshi limerudi mahali pake, kwamba sasa kila afisa ana kitambulisho chenye picha, na kwamba Kituo kina bustani. Alikuwa bado anaisimulia bustani mvua ilipoanza. Ilianza juu ya Kalisti, ikasogea mpaka meza ya mbele. Akina mama wa jikoni wakaingiza sinia za sambusa chini ya meza. Mama mmoja wa Kikongo akavalisha wigi lake mfuko wa plastiki. Msaidizi wa Macaire akamfungulia mwavuli, na Macaire akaendelea. Mwavuli ulizuia maji, ila sauti zilipita.

"Ndugu, tafadhali, jina lako?"

Kijana wa kule chini ya mabati akajibu kwamba anaitwa Jean-de-Dieu, ni mwalimu, na alishasema jana. Ubao ukafuata.

Kwenye safu ya tatu alisimama Marie-Rose, aliyekuwa akisafisha vyumba vya wagonjwa Houston. Alikuja kwa Kalisti mara mbili kusubiri jina hilo na hakulipata. Alikunja mtandio wake vizuri kabla ya kusema.

"Mheshimiwa, huyo ni mdogo wangu. Uko na simu hapo. Wapigie wamwache."

"Dada, kuna taratibu," alisema Macaire. "Lete malalamiko yako ofisini, yatashughulikiwa."

"Ofisini wapi?"

"Kituoni."

"Ndiko aliko."

"Basi ni karibu," alisema Macaire.

Watu walisubiri mpaka ubao ukanyamaza. Kisha Macaire alitoka nyuma ya meza, akanyanyua bati pamoja na msaidizi wake, akalileta mbele ya Kalisti. Mpiga picha akapiga goti penye maji.

"Mzee wetu," alisema Macaire, "nchi inakurudishia paa lako."

Kalisti alilipapasa bati ukingoni, pale Amandine alipolikunja kwa jiwe lisije likamkata mtoto. Mkunjo ulikuwapo. Josiane alisimama ukutani, funguo za gari mkononi, akimtazama.

"Kwanza sema," alisema Kalisti.

"Niseme nini, mzee?"

"Sema mke wangu alikaa chini ya bati hili. Anaitwa Amandine. Alikuwa akikohoa, na wewe ulimwambia polepole, tuna siku nzima. Sema mlimlaza wapi. Ukishasema, nitalishika bati hili hata kwa meno, mpige picha mpaka mchoke."

Macaire alifuta miwani.

"Mzee, pale hajawahi kufungwa mtu. Palikuwa bohari ya maharage."

"Basi lirudishe kwenye maharage," alisema Kalisti. "Lirudi mahali pake, na misumari mipya. Sijawapa ruhusa ya kung'oa hata moja."

"Tukiondoka leo bila picha, nafasi hii hairudi."

"Nendeni."

Akakaa. Mpiga picha alimtazama Macaire, Macaire akatazama mlango. Ikabidi wapige picha ya sambusa.

Njia nzima ya kurudi Josiane aliendesha, na Kalisti hakumsumbua. Alikuwa ameketi vizuri, mkanda kifuani, kama mtu anayerudi kutoka kwenye kesi aliyoshinda, ingawa hakushinda chochote. Karibu na Corsicana, Josiane aliegesha penye kituo cha mafuta, akapiga simu kwa mtu mwenye nyumba ya kupangisha huko Mansfield.

"Floor ni ya nini?" aliuliza. "Carpet au saruji?" Akasikiliza. "Saruji. Sawa. Na ina mahali pa kutolea maji?"

Mwisho wa mwezi walihama. Meneja alizuia amana yao kwa ajili ya zulia, na Kalisti akampandisha juu kwenye orodha yake ya wenye funguo. Nyaboke aliwasaidia kubeba makochi. Kule nyumbani, wafadhili hawakutoa msaada wa vigae, na mahali palipong'olewa bati la mfano mvua ilikuwa ikinyesha moja kwa moja juu ya meza ya Mheshimiwa. Kwa hiyo lilirudishwa kwa ndege, likapigiliwa pale pale, kwa haraka, na matundu yakaongezeka.

Kalisti alijua siku lilipofika. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tano, Mansfield haina wingu. Marie-Rose alikuwa amelala kwao, amekuja na basi kutoka Houston, akaleta na beseni lake. Beseni lililowekwa upande wa mlango wa jikoni, lililokuwa kavu wiki zote hizo, lilidondokewa na tone, kisha matone, na sauti zikarudi upande ule.

"Ndugu, tafadhali, jina lako? Polepole. Tuna siku nzima."

"Karudi kazini," alisema Kalisti.

"Jean-de-Dieu," alijibu kijana. Sauti yake ilikuwa imepungua sana, lakini alilisema jina lote, hakukata. Marie-Rose alitikisa kichwa kukubali kwamba ndiye. Akapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Siku zote Josiane huwa ameshaondoka kwenda kazini saa hiyo. Siku hiyo alikuwapo, suruali imekunjwa magotini, akisukuma maji kwa fagio kuelekea tundu la sakafuni. Aliona sufuria ya ugali inakosa tone, akainama kuisogeza.

"Kushoto kidogo," alisema baba yake. "Kule nyumbani, siku za nyasi, mama yako alikuwa akiweka yake hapo."

Josiane akaisogeza. Tone likaingia.