Hali ya Hewa ya Sharifa

Theluji ilipoanza kumwangukia Sharifa, mama yake, Tatu, alikuwa anamenya mihogo nje ya nyumba yao Mpapura. Jua lilikuwa kali. Mtoto alirudi kutoka shule na vitu vyeupe mabegani, kama unga, ila vya baridi. Tatu alimpangusa kwa pindo la kanga, akamwambia aingie ndani abadilishe sare kabla haijaloa zaidi. Vitu vile viliendelea kuanguka humo ndani, chini ya bati, juu ya mtoto peke yake.

"Nani kakufanyia hivi?" Tatu aliuliza.

Sharifa alisema hajui. Alisema hivyo akiangalia mlango.

Kijiji kilizoea. Mwalimu alieleza kwamba hiyo ni theluji, na wanafunzi wakawa wanaizoa kwa mikono na kuilamba mpaka walipokatazwa. Tatu hakuzoea. Aliacha kula kwa watu. Alimshuku wifi yake, kisha jirani waliyegombania naye mpaka wa mikorosho. Hakumshuku Idrisa, mpiga picha wa Chikongola mjini, kwa sababu Idrisa alikuwa mtu wa heri. Ndiye aliyekuja kuwapiga picha watoto ili watafutiwe wafadhili wa kuwasomesha. Wengi aliwapiga picha mara moja. Sharifa aliitwa studio tena na tena, na kila alipoitwa mama yake alimwogesha na kumpaka mafuta kabla hajaondoka.

Ulikuwa mwaka 2006. Huko Ulaya polisi walikuwa wamemkamata mtu ambaye kompyuta yake ilijaa picha za watoto, za namna ambayo mtoto hapaswi kupigwa. Katika mojawapo, ukutani ilining'inia kanga yenye maneno ya Kiswahili. Waliuliza Tanzania na Msumbiji, maana kanga huvaliwa pande zote mbili za Ruvuma. Upande wa Mtwara kazi hiyo alipewa Koplo Theresia. Ng'ambo alipewa afisa mmoja wa Palma, jina lake Americo. Walikutana kwenye kivuko cha Kilambo.

"Kwetu yuko mtoto anaangukiwa barafu kama ya Ulaya," Americo alisema. "Ninyi je?"

"Tunaye. Yuko Mpapura."

Walipofika nyumbani kwake, Tatu hakuwapenda. Yule mwanamke aliuliza maswali kama mtu ambaye majibu anayo tayari, na yule mwanamume alikuwa mgeni. Theresia naye alimshuku Tatu; kazi ilikuwa imemfundisha kuanza na wa nyumbani. Wakakaa kwenye mkeka wakipimana kwa macho, Sharifa katikati, theluji ikimwangukia. Simu ya Theresia ikaita. Alikuwa mpelelezi wa Ulaya, alitaka kuhakikisha maneno ya ile kanga. Picha yenyewe ilikuwa wazi mbele yake kwenye kompyuta.

Theresia alimtazama mtoto, akauliza kwa Kiingereza cha ofisini, "Huko kwenu hali ya hewa ikoje?"

"Theluji tupu," alijibu yule mpelelezi.

"Ifunge hiyo picha."

Akaifunga. Theluji ikakatika. Sharifa alishusha mabega.

"Nani alikuwa ananiangalia?" aliuliza.

"Polisi," Theresia alimjibu.

"Na wale wengine?"

Theresia alifungua daftari lake. Mtoto akalitaja jina la Idrisa, taratibu, huku akichora juu ya mkeka kwa kidole.

"Nilimpaka mafuta," Tatu alisema. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Idrisa alikamatwa pamoja na kamera yake, lakini picha zilikuwa zimekwisha kusambaa mtandaoni. Ikabidi kazi iendelee. Chochote kilichomwangukia Sharifa, Tatu alimpigia Theresia simu: mvua ya mawe, vumbi jekundu, majani ya njano ya mti asioujua. Americo alifanya vivyo hivyo kwa mtoto wa Palma. Habari hizo zilipelekwa Ulaya, zikalinganishwa na hali ya hewa ya dunia, na polisi wa nchi ambazo Tatu hakuweza kuyatamka majina yake wakagonga milango. Mahakama moja ilipokea jani la njano kuwa ushahidi. Theresia alipongezwa mbele ya gwaride.

Kisha, asubuhi moja ya masika, Sharifa akanyeshewa mvua ya vuguvugu. Mpapura kulikuwa kukavu. Tatu alizinusa nywele za mtoto, akapiga simu.

"Afande, hii mvua ni ya kwetu."

Theresia alitoka nje ya kituo. Mjini jua lilikuwa linawaka. Wingu lilikuwa moja tu, upande wa Mtawanya. Akapanda pikipiki akalifuata, akaikuta mvua inanyesha juu ya mtaa mmoja wenye nyumba za kuta ndefu. Akapiga simu tena.

"Bado inamnyeshea?"

"Bado."

Akazima pikipiki mbele ya geti moja. Pazia la dirisha la juu likatikisika.

"Na sasa?"

"Imekatika," Tatu alisema.

Pale Mtawanya mvua iliendelea kunyesha.

Mkuu wake alifika kazini alasiri, ndipo akampokea. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mvua si ushahidi, Koplo."

"Jani lilikubaliwa, afande."

"Lile lilikuwa jani la kwao."

Mapindo ya suruali ya mkuu yalikuwa na matope mabichi. Theresia aliyatazama, kisha akatazama ukuta, kwa sababu mkuu alikuwa anamtazama yeye.

Mwezi haukuisha, Theresia akahamishiwa usalama barabarani, wilaya nyingine. Americo alipopiga simu kituoni, ilipokelewa na mtu aliyemtaka apitie wizarani.

Tatu alimnunulia Sharifa mwavuli, lakini mvua ilianzia chini ya mwavuli. Mwalimu alilisogeza dawati lake karibu na mlango ili maji yatiririkie nje. Sasa ile ya vuguvugu ikianza, Sharifa humpa mwenzake madaftari ayashike yasilowe, hukunja mikono, na humsubiri mtu wa Mtawanya amalize.