Skrini Iliyokataa Kushika

Skrini haikuanguka kwa kishindo. Ilianza na mlio mdogo, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda, kisha ukingo wake wa juu ukainama taratibu kumwelekea MaHadebe. Bahati nzuri alikuwa ameketi mbele yake. Aliidaka kwa viganja viwili na kubaki hivyo hivyo, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, huku kikombe chake cha uji kikipoa pembeni.

"Gumede!" aliita. "Gumede, njoo! Kazi yako inanirudia usoni!"

Gumede, rafiki yake wa miaka mingi, alitoka jikoni na birika la chai mkononi. Alipoona hali ilivyo, aliliweka birika chini sakafuni na kuja mbio, kadiri magoti yake yalivyomruhusu.

"Usiivute! Nyaya zake ziko chini, usiivute!"

"Nani anavuta? Mimi naishikilia tu kama mtoto wa mwenyewe."

Wakailaza polepole juu ya blanketi, kifudifudi. Ndani ya kompyuta kukawa wazi kwa mara ya pili wiki ile: vumbi lilikwisha futwa, diski mpya ilikuwa inang'aa mahali pake, na kandokando ya fremu nyeusi vipande vya gundi vilikuwa vimejikunja kama majani makavu.

Ilikuwa kompyuta ya mezani ya aina ile ambayo kila kitu kimefichwa nyuma ya skrini, wala hakuna skrubu hata moja usoni. Skrini inashikwa na utepe wa gundi peke yake. MaHadebe aliinunua siku alipofungua kazi yake ya kuchapa kadi za harusi na vijitabu vya mazishi hapo nyumbani kwake Nkulumane, na tangu hapo nusu ya Bulawayo imeolewa na kuzikwa kupitia humo. Lakini siku hizi ilikuwa imezeeka. Ukiiambia ifungue picha, unakwenda kuanika nguo, unarudi, bado inafikiri. Ndipo Gumede aliposema haina haja ya kutupwa, ataibadilishia tu diski na kuiongezea memori. Na kweli, ilipowaka tena ilikuwa nyepesi kama binti wa shule. Kosa lilikuwa kwenye gundi.

"Na mazishi ni Jumamosi," alisema MaHadebe.

Gumede aliokota kipande cha utepe, akakigusa kwa kidole, kikateleza.

Mazishi yenyewe yalikuwa ya mzee Mkandla. Watoto wake walikuwa wamempigia simu MaHadebe moja kwa moja. Hawakutaka mtu mwingine akitengeneze kijitabu cha baba yao. Mkandla ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha kubandikia, kule gazetini, enzi kurasa zilipokuwa zinatengenezwa kwa mkono. MaHadebe na Gumede walikutana kwenye meza yake. Yeye alikuwa msichana mwenye viatu vya kuazima, Gumede kijana mwembamba anayejidai anajua Kiingereza cha redio. Habari zilikuja kutoka kwa wapiga chapa zikiwa vipande virefu vya karatasi. Unavipaka nta ya moto nyuma, unavikata kwa wembe, unavipanga kwenye ukurasa, unaviviringishia roli mpaka vinashika. Neno likikosewa, unalikata herufi moja na kubandika nyingine. MaHadebe aliweza kubandika nukta.

"Unakumbuka harufu ya ile nta?" aliuliza.

"Nilikuwa nalala nayo. Marehemu mke wangu, mama yake Thandanani, alisema ameolewa na mshumaa."

MaHadebe alicheka, akasugua mikono yake kwa baridi. Ilikuwa Julai, upepo ule mkavu unaopasua midomo, na kila mtu mjini alikuwa amejipaka mafuta mpaka viwiko. Gumede alimtazama mikono. Akaitazama ya kwake. Akakileta kiganja chake puani.

"MaHadebe, jana asubuhi ulijipaka nini?"

"Krimu ya kafuri, kama kila siku. Kwani wewe unajipaka nini, maji?"

"Vaselini." Alishusha pumzi. "Na sote wawili tumeshika utepe kwa vidole."

MaHadebe akaanza kutetemeka mabega, akaziba mdomo, ikashindikana. Wote wawili walikuwa wameikumbuka sauti ileile. Kila asubuhi ya baridi Mkandla alisimama mlangoni pa chumba, akiwazuia wafanyakazi wake kama askari wa mpakani. *Mikono!* Unamnyooshea, ananusa. Akisikia harufu ya kafuri, unarudi bombani kuosha kwa sabuni ya vyombo, maji ya barafu, hata kama wewe ni mjamzito, hata kama wewe ni mtoto wa askofu. Ukurasa wenye mafuta haushiki, alikuwa akisema, na habari ikidondoka njiani kwenda kiwandani, utamweleza nani?

"Angetufukuza kazi," alisema Gumede, akijipangusa macho.

"Wewe angekufukuza. Mimi alikuwa ananipenda."

"Alikupenda? Alikuita Mama wa Mikunjo mwaka mzima, kwa kurasa zako zilizojikunja!"

Kicheko kilipokwisha, tatizo lilikuwa bado pale pale. Gumede alizunguka mjini akitafuta utepe wa aina ile na kurudi mikono mitupu. Ikabidi ampigie mpwa wake Johannesburg, aununue na kumpa malayitsha, dereva wa zile gari za mizigo zenye trela zinazovuka mpaka na magodoro juu. Angefika Jumatatu, Mungu akipenda na forodha wakiwa na moyo mzuri.

Kwa hiyo kijitabu cha Mkandla kilitengenezwa hivi: skrini ilirudishwa mahali pake na kufungwa kandokando kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, safu juu ya safu, mpaka kompyuta ikaonekana kama mtu aliyetoka hospitali na bandeji kichwani. MaHadebe alifanya kazi bila kuigusa skrini. Gumede alikaa nyuma yake akibisha kila kitu.

"Sogeza picha kushoto. Kidogo tu. Unywele mmoja."

"Unywele mmoja wa nani? Wewe huna hata huo."

"Angeona, MaHadebe. Unajua angeona."

Akaisogeza. Alijua kweli angeona.

Jumamosi waombolezaji walikifungua kile kijitabu makaburini, na wale wachache waliobaki wa chumba cha kubandikia walikigeuza, wakakipitishia kidole ukingoni, kama walivyozoea, kutafuta mkato wa wembe. Haukuwepo. Mmoja wao, mama mwenye miwani minene, alimshika MaHadebe mkono na kumwambia, "Ukurasa umenyooka." Hakusema lingine. MaHadebe alikwenda nyuma ya magari akalia, si kwa ajili ya Mkandla tu.

Utepe ulifika Jumanne. Gumede alikuja amevaa shati jeupe, mikono myekundu kwa kuosha. Walibandua utepe wa karatasi. Gundi ya zamani waliisugua kwa kidole gumba mpaka ikajiviringisha vijidonge, kisha wakapitisha spiriti ya hospitali kwenye fremu na nyuma ya kioo, mara ya kwanza, mara ya pili. Waliijaribu kompyuta kabla ya kufunga, ikawaka. MaHadebe akapasha fremu joto kwa mashine yake ya kukaushia nywele, maana gundi haipendi baridi. Halafu Gumede akamwachia utepe.

"Panga wewe. Mkono wangu unatetemeka siku hizi."

MaHadebe alimtazama. Hakuwa amewahi kumsikia akikiri hivyo. Akashika kile kipande kwa ncha za kibano na kukilaza ukingoni, pole pole, kona kwa kona, pumzi ameibana, na vidole vyake vikafanya kazi yao bila kumuuliza. Wakaibandua karatasi iliyofunika gundi ya utepe, wakaisimamisha skrini, wakaisukuma kwa viganja vinne.

"Usiachie," alisema Gumede.

"Siachii."

Walisimama hivyo, bega kwa bega, wamekiegemea kioo cheusi kilichowaonyesha nyuso zao.

"Thandanani anataka nihamie kwake Durban," alisema Gumede. "Anasema baba hawezi kukaa akijipikia peke yake. Mwisho wa mwezi wa nane."

MaHadebe hakugeuka. "Durban kuna unyevu. Utaoza."

"Nitaoza polepole."

"Na utarudi lini?"

"Nisipooza kabisa, narudi Desemba."

Alimpiga kumbo kwa kiwiko, lakini viganja vyake havikutoka kwenye skrini. Muda ulipita zaidi ya uliohitajika. Kona zote zilikuwa zimekwisha shika, na wote wawili walijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha mikono. Mwishowe ni mteja aliyegonga mlango, bibi arusi mtarajiwa kutoka Pumula aliyekuja kuchagua rangi ya kadi, na MaHadebe akaenda kumfungulia, huku Gumede akisogeza kiti ili mgeni apate pa kukaa.