Mlango Uliopigiwa Makofi

Kampuni yetu inatengeneza lifti, na Mhandisi Mkuu anauabudu mpango wake wa mwaka. Umebandikwa ukutani kuanzia mlangoni hadi dirishani, na kazi ikiisha anaipaka kijani. Sisi wa programu tuliletwa tufanye kazi kwa vipande: kila baada ya wiki mbili tunaonyesha tulipofikia, hata kama ni nusu, ili tukosolewe mapema. Hilo la nusu halikumwingia kichwani hata siku moja.

Ijumaa ile tulionyesha mlango unaohisi mkono na kufunguka. Kihisio kilikuwa hakijaunganishwa, nikasema wazi kwamba nitabonyeza kitufe badala yake. Mlango ukaanza kujifunga, nikabonyeza, ukafunguka. Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa alisimama Spana, mume wa dada yangu, fundi wetu wa kufunga lifti majengoni.

"Shemeji, leo mmefanya kazi!" akapaza sauti. "Kumbe hamjui kusimama vikaoni tu!"

Watu wakacheka. Mhandisi Mkuu akachukua kalamu ya kijani.

"Mzee, bado," nikamwambia. "Mlango huu hauhisi kitu. Utambana mtu."

"Umefunguka, haukufunguka?"

"Umefunguka, lakini..."

"Basi umekwisha. Mpango hauna nafasi ya kurudi nyuma."

Nilimfuata ofisini, nikamfuata hadi kwenye gari lake, nikaonekana mkorofi. Mwishowe, ili nimpishe tu, akaniahidi kwamba lifti haitatoka ghalani kabla hatujaimaliza. Ikatoka Jumatatu, kwa sababu mpango ulisema Jumatatu. Sisi hakuna aliyetuambia.

Shemeji nilimkuta wodini, mkono umefungwa bandeji, vidole viwili havipo. Dada yangu alikuwa pembeni yake na hakuitikia salamu yangu. Nikaanza kumlaani Mhandisi Mkuu, mpango wake na kalamu yake.

"Mwache," Shemeji akanikatiza, taratibu. "Yule hata akiniambia ni saa ngapi, natazama kwanza saa yangu."

"Sasa kwa nini uliweka mkono?"

"Nilikuwa namwonyesha mwenye jengo."

"Shemeji, mimi nilisema nabonyeza kitufe!"

"Kule nyuma hatukusikia. Tuliona mlango unafunguka." Akageuza uso ukutani. "Na aliyekuwa anaonyesha ni wewe."