Jiwe Jeupe Kwenye Nguzo ya Daraja

Wageni wangu huwa nawapa majina yangu mwenyewe kabla hatujaanza kupanda. Si dharau, nikisema nikariri jina la kila mtu anayepita siku moja, kichwa kitanipasuka. Anayelalamikia matope kabla hajayakanyaga ni Bwana Viatu. Anayepiga picha kila jani ni Dada Jani. Na siku ile, katika kundi la wauguzi waliotoka mbali kuja kuona vilima vyetu vikiwa kijani, kulikuwa na mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye kofia pana ya ukili. Nikamwita Mama Kofia. Ningejua alichokuja nacho, ningemwita Mama Kimbunga na ningemkimbia mapema.

Kazi yangu ni kutembeza watu. Mvua za kwanza zikishanyesha, nyasi zikaamka na vyura wakaanza kelele zao mabondeni, watu wa mjini wanakumbuka kwamba dunia ina rangi nyingine zaidi ya saruji. Wanakuja na viatu vipya. Nawapitisha kwenye mwamba wenye mashimo laini, ambamo mabibi wa zamani walinolea majembe mpaka jiwe likabonyea. Nawapitisha kwenye kinu cha nafaka kilichokufa, kisicho na paa, ambamo mbayuwayu wamejenga kila pembe na mzabibu pori umetokea dirishani. Halafu tunashuka mtoni, kwenye nguzo. Nguzo ndiyo safari. Hayo mengine ni ya kuchangamsha miguu.

Daraja lenyewe halipo tena. Imebaki nguzo moja ya mawe katikati ya maji, na nyingine ukingoni upande wetu, imevaa majani ya kutambaa hadi shingoni. Alilijenga baba yangu. Mafuriko yalipolichukua nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na yalimchukua na yeye. Ndivyo nilivyokuzwa nikijua, na ndivyo nilivyosimulia miaka yote. Mvua imenyesha usiku kucha. Fundi mkuu anaona nguzo ya kati inatikisika. Vijana wake wamelala kwenye kibanda cha ng'ambo. Anavuka kwenda kuwaamsha, wanatoka mmoja mmoja, yeye anabaki nyuma kuhakikisha hakuna aliyesahaulika. "Hapa," nasema, kisha nanyamaza kidogo ili mto usikike.

Baada ya hapo nawaonyesha jiwe jeupe. Baba alikuwa na mazoea yake. Kila alichokijenga alikitia jiwe dogo jeupe la mtoni kwenye kona, chini kabisa, usawa wa goti la mtoto. Nyumbani kwetu lipo, kwenye kona ya jiko, na utotoni nililigusa kila nilipopita, hata nikiwa nimechapwa. Kwenye nguzo ya ukingoni lipo pia. Wageni huchuchumaa wakaligusa, kisha kila mmoja huchuma ua la njano. Maua hayo huota pale ukingoni tu, mvua zikianza, na hunyauka kabla hujayazoea. Mgeni hulitupa ua lake majini, na mimi hutupa langu mwisho. Utaratibu huo niliuanzisha mwenyewe. Watu hulia, na mimi, pamoja na kusimulia mpaka ulimi umeota sugu, nilikuwa nalia nao.

Siku ile Mama Kofia alichuchumaa, akaligusa jiwe, akaangua kicheko cha furaha.

"Jamani! Kumbe Babu Jiwe alianzia huku?"

"Babu gani, mama?"

"Jirani yetu, fundi. Tangi la maji la mtaani kwetu lina jiwe hivi hivi, hapa hapa chini. Ukuta wetu pia. Tulimtania mpaka jina likamganda."

"Mafundi wanaigana, mama," nikasema, nikicheka kidogo kama mtu aliyeudhiwa kwa adabu.

"Labda. Ngoja, picha yake ninayo."

Alihangaika na simu, miwani juu, miwani chini, mpaka akaipata. Mzee mrefu amesimama kando ya tangi, ameshika timazi ya kunyooshea ukuta, uzi wake umening'inia kidoleni. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje, kana kwamba kimenuniana na wenzake. Mimi cha kwangu kimepinda vivyo hivyo. Nilikificha ndani ya ngumi.

"Yuko wapi siku hizi?" niliuliza.

"Alitutoka mwaka jana, wakati kama huu, mvua ndiyo zinaanza. Tulimzika vizuri, usiwe na wasiwasi. Hata binti yake alikuja kutoka mbali. Alilia yule dada, maskini! Halafu ana mikono mizuri, ni msusi. Alipotulia alinisuka mimi mwenyewe, nikamwambia angehamia kwetu tungemtajirisha."

Wenzake walikuwa wanatupa maua. Dada Jani aliniuliza mbona mimi sijachuma langu. Nikamwambia leo mgongo unanisumbua, siwezi kuinama.

Nina dada mmoja tu, na ni msusi.

Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Kuna kiti kimoja chenye mto uliopasuka, kioo kirefu, na dirisha linalotazama barabara ili kusiwe na mpita njia asiyejadiliwa. Siri za mji mzima huingia pale kichwani kwa mteja mmoja na kutoka na mwingine. Dada yangu hajawahi kuficha hata mimba ya jirani. Nilipoingia alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja, na mama amekaa pembeni na ungo wa maharage, anatoa vijiwe.

"Dada, ile harusi ya rafiki yako ilikuwaje?" nikauliza.

"Harusi ipi?"

"Ya mwaka jana. Ile ya mbali, uliyoniletea kitambaa cha kichwa."

Mikono yake ikasimama kwenye nywele za mtu. Hakunitazama mimi, alimtazama mama. Hapo nikajua kwamba hakuna nitakachoambiwa ambacho hakitakuwa kibaya.

"Mpenzi," dada akamwambia mteja, "jifunge kitambaa, kanywe chai hapo jirani, nitakuita."

"Nusu kichwa hivi?"

"Nenda tu, mpenzi."

Mteja akaondoka huku shingo imebaki ndani. Mama aliendelea kuchambua. Alisema bila kuinua macho, "Nilidhani unajua."

"Nijue nini, mama? Sema wewe, nisikie kwako."

"Aliondoka asubuhi, kabla maji hayajapanda. Alichukua mwiko wake na timazi. Alisema amechoka, basi. Jioni daraja likaenda, watu wakaja kunipa pole. Walikuja wanalia tayari, mwanangu. Wenye kampuni ya barabara wakaja nao, wakasema mjane wa fundi asiguswe, nyumba hii abaki nayo. Ulikuwa mgongoni kwangu, una homa. Ulitaka niwaambie mume wangu hajafa, amenitoroka tu, kwa hiyo tutoeni nje?"

"Hao ungewadanganya. Mimi je?"

"Wewe ulikuwa unanyonya."

"Mama, nimeacha kunyonya zamani!"

Dada alicheka, kisha akaziba mdomo. Nilitamani kumrushia kitana chake.

"Na wale vijana?" nikamuuliza mama. "Wale aliowaamsha kibandani?"

Mama akatikisa ungo taratibu. "Hao siwajui. Mimi nilisema amekwenda na maji. Hayo mengine waliongeza watu, na mengine nilidhani umeongeza wewe."

Nilikaa kwenye kiti cha mteja. Kwenye kioo nikawaona wote wawili nyuma yangu, na kile kidole changu kikiwa kwenye mkono wa kiti.

"Nilimwona akiondoka," dada alisema. "Alinipa peremende, akaniambia nisikuamshe. Nilipokuwa mkubwa alinitumia salamu kupitia mteja. Nilikwenda kumwona mara chache. Alikuwa anakuulizia."

"Akiulizia nini?"

"Kama bado unaligusa lile jiwe la jikoni."

Nataka niseme wazi nilichosikia moyoni, kwa sababu watu wa kwetu hupenda kusema 'niliumia' wakaishia hapo. Nilimchukia. Nilimchukia dada kuliko nilivyomchukia yule mzee wa kwenye picha, kwa sababu mzee aliondoka mara moja tu, lakini dada alirudi nyumbani kila safari, akala na mimi, akanisuka, vidole vyake vikiwa kichwani mwangu na habari za baba yangu zikiwa mdomoni mwake, na akanisimulia za majirani.

"Siku unamzika," nikasema, "mimi nilikuwa wapi?"

Aliinama kuokota nywele za mteja sakafuni.

"Nilikuwa mtoni, dada, na kundi la walimu wastaafu. Namtupia maua."

"Nilikuja siku moja kukusikiliza," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilijificha nyuma ya kundi. Ulisimulia vizuri, mdogo wangu. Nililia. Mimi niliyemwona kwa macho yangu akikata kona na begi, nililia. Ningekuja kukwambia nini baada ya hapo?"

Nikamgeukia mama. "Na wewe ile wiki ya mwaka jana uliyolala, ukasema mgongo?"

"Mgongo nao ulikuwa unauma," akasema.

Sikupiga kelele, na nilishangaa mwenyewe, maana mimi ni mtu wa kupiga kelele hata chumvi ikizidi. Nilimwambia mama kesho nina kundi, na yeye atakuja. Tutafika kwenye nguzo na atasimulia mwenyewe, mbele za watu, kilichotokea. Nilikuwa nimeshasema uongo mbele za watu; nilitaka ukweli nao nipewe pale pale, na aliyeuficha. Asipokuja, mimi na nyumba ile basi.

"Nitakuja," alisema mama, na akarudi kwenye maharage yake.

Hakuwahi kufika mtoni tangu daraja livunjike. Watu walisema ni huzuni. Kesho yake alivaa viatu vya raba vya dada na gauni lake la heshima, akashika fimbo, akapanda na kundi bila kusema amechoka. Kwenye mwamba wa majembe alikaa kidogo, akaingiza kiganja kwenye shimo moja, akasema bibi yake aliwahi kumleta hapo. Hilo nalo nililisikia kwa mara ya kwanza. Vipepeo weupe walikuwa wamejaa njiani, vichaka vimechanua, na wageni walikuwa na furaha ya watu waliopata walichokifuata. Mimi nilitembea mbele.

Tulipofika kwenye nguzo nilisubiri mpaka wa mwisho akateremka. "Ya hapa," nikasema, "mwenyewe yupo. Atawaambia yeye."

Nikasogea pembeni. Mama aliutazama mto muda mrefu. Maji yalikuwa ya kahawia na yamejaa, yakipasuka kwenye nguzo ya kati. Akainama kwa shida, akaligusa jiwe jeupe kwa ncha za vidole, akasimama. Dakika ile ningemsamehe. Nilikuwa tayari kabisa, alichotakiwa ni kufungua mdomo tu.

"Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha," mama alisema. "Fundi mkuu akaona nguzo ya kati inatikisika."

Aliendelea. Vijana kwenye kibanda cha ng'ambo, akavuka, wakatoka mmoja mmoja, akabaki nyuma kuhakikisha hakuna aliyesahaulika. Yalikuwa maneno yangu, yote, kwa mpangilio wangu. Sikujua ameyasikia wapi; pengine dada alimletea nyumbani, pengine mji mzima ulikuwa umeshayakariri. "Hapa," alisema mama, kisha akanyamaza kidogo ili mto usikike. Hata hapo hakukosea.

Wageni walikuwa wanafuta machozi. Wakachuma maua ya njano, wakamzunguka, mmoja akamshika mkono amsaidie kurusha. Ua lake lilianguka karibu sana na ukingo, likazunguka kwenye povu, ndipo maji yakalivuta. Alirudi hadi niliposimama, akaegemea fimbo.

"Nimesema vizuri?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Sijasahau mahali?"

Nilimtazama. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kweli kujua, kama mtu aliyekutengenezea zawadi kwa kubahatisha kipimo.

"Hujasahau," nikasema.

Tulipoanza kupanda, kijana mmoja mwenye miwani alinisogelea, akaniuliza yule bibi ni nani, mbona amesimulia kama aliyekuwepo.

"Ni mjane wa fundi," nikamwambia.

Na hilo, angalau, lilikuwa kweli tangu mwaka jana.